Aspekti za Ruby baada ya sasisho: dalili, chanzo na tiba

Sasisho dogo la maktaba ya aspekti, yaani ile inayoongeza kazi kwenye methodi za Ruby bila kugusa msimbo wake, huonekana halina hatari. Namba ya mwisho imepanda kwa moja, orodha ya mabadiliko ni mistari michache, majaribio yamepita. Kisha mfumo wa SACCO unawashwa asubuhi Kampala, na tawi la Mbarara linashindwa kumlipa mwanachama. Hapo watu hukimbilia kupekua hesabu za mikopo, ilhali hitilafu haiko huko hata kidogo. Iko kwenye namna methodi ilivyovishwa.

Maktaba ya aspekti, iwe Aquarium au ile mliyoiandika wenyewe ofisini, huchukua methodi, huivisha gamba, na ndani ya gamba huweka ushauri, yaani msimbo wa ziada: wa kutangulia, wa kufuata, au wa kuizunguka methodi. Kuvisha huko kuna njia mbili. Ya zamani ni `alias_method`: methodi ya asili hupewa jina jingine, na jina lake la kwanza hushikwa na gamba. Ya sasa ni `Module#prepend`, iliyoingia na Ruby 2.0 mwaka 2013: gamba ni moduli inayokaa mbele ya klasi, na methodi ya asili hufikiwa kwa `super`. Sasisho nyingi za matengenezo huhamisha maktaba kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili, au huitayarisha kwa masharti ya Ruby 3. Dalili nyingi zilizo hapa chini zinatokana na uhamisho huo.

Iulize Ruby kabla ya kubahatisha

Fungua konsoli kwenye seva yenye tatizo, si kwenye kompyuta yako, kisha andika:

```ruby
m = Akaunti.instance_method(:toa)
m.owner
m.source_location
m.parameters
Akaunti.ancestors.take(6)
Akaunti.allocate.method(:toa).super_method
```

Kama `owner` ni moduli ya maktaba, gamba limewekwa kwa `prepend`. Kama `owner` bado ni `Akaunti` lakini `source_location` inaonyesha faili la maktaba, limewekwa kwa `alias_method`. Kama vyote viwili vinaelekeza kwenye faili lako mwenyewe, methodi haijavishwa kabisa: ruka hadi sehemu ya ushauri usioitwa. `ancestors` nayo itakuonyesha kama moduli za jina lilelile zimejipanga mara mbili au tatu mbele ya klasi. Mistari hii inakuepusha na saa nzima ya kuweka `puts` kila kona, kwa hiyo usiiruke hata kama unadhani jibu unalijua.

Hoja zenye majina zinapotea

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na lina sura mbili. Ya kwanza inapiga kelele:

```
wrong number of arguments (given 2, expected 1; required keyword: simu)
```

Methodi ni `def lipa(kiasi, simu:)`, na gamba la zamani limeandikwa hivi:

```ruby
define_method(:lipa) do |*hoja, &bloku|
  super(*hoja, &bloku)
end
```

Hadi Ruby 2.7, hashi (jozi za jina na thamani) ya mwisho kwenye orodha ya hoja iligeuzwa yenyewe kuwa hoja zenye majina. Ruby 3.0, iliyotoka Desemba 2020, ilitenganisha hoja za nafasi na hoja zenye majina. Gamba linapokea `simu:`, linaifunga kwenye hashi ndani ya `hoja`, halafu linaipitisha kama hoja ya pili ya nafasi. Methodi inaikataa.

Sura ya pili haipigi kelele, na ndiyo ya kuogopa. Tuseme methodi ni hii:

```ruby
def toa(kiasi, maelezo = nil, simu: nil)
```

Ukiita `akaunti.toa(50_000, simu: namba)` kupitia gamba lilelile, hakuna hitilafu yoyote. Hashi nzima inaingia kwenye `maelezo`, na `simu` inabaki `nil`. Pesa inaandikwa kwenye leja kwamba imetoka, lakini ujumbe kwa mwanachama hauendi, na safu ya maelezo kwenye hifadhidata inajaa maandishi yenye mabano ya hashi. Ukiona mabano hayo ndani ya safu ambayo karani alipaswa kuandika maneno ya kawaida, usitafute zaidi.

Kama mfumo wako ni wa Ruby 3 pekee, tiba ni kupokea na kupitisha aina zote tatu waziwazi:

```ruby
define_method(jina) do |*hoja, **majina, &bloku|
  super(*hoja, **majina, &bloku)
end
```

Kama maktaba bado inahudumia Ruby 2.6 na kurudi nyuma, usitumie hilo. Kwenye matoleo hayo, `**majina` ikiwa tupu hupitisha hashi tupu kama hoja ya ziada, na methodi isiyotaka hoja yenye jina itaikataa. Acha `*hoja` peke yake, kisha weka alama:

```ruby
ruby2_keywords(jina) if respond_to?(:ruby2_keywords, true)
```

Alama hiyo ina mtego wake. Inakaa kwenye hashi yenyewe, na hupotea kila inapopita kwenye methodi ya katikati yenye `*hoja` isiyowekewa alama. Kama gamba linaita `pitisha(*hoja)`, na `pitisha` ndiyo inayoita methodi ya asili, basi `pitisha` nayo inahitaji `ruby2_keywords`. Kuweka alama kwenye gamba la nje tu ndilo kosa la kawaida la matoleo ya matengenezo: majaribio ya ngazi moja yanapita, ngazi mbili zinaanguka.

Kabla ya kuhamia Ruby 3, endesha majaribio yote kwenye 2.7 kwa `ruby -W:deprecated`. Bila bendera hiyo maonyo hayaonekani, kwa sababu tangu 2.7.2 yamezimwa.

`stack level too deep`

Kuna vyanzo vitatu, na urefu wa ufuatilio wa hitilafu hausaidii kuvitofautisha. Tazama mistari inayojirudia.

Ikiwa inayojirudia ni mistari miwili, mmoja wa maktaba ya aspekti na mwingine wa jemu (kifurushi cha maktaba ya Ruby) tofauti kama ya kupima kasi, umechanganya `prepend` na `alias_method` kwenye methodi moja. Mpangilio unaoua ni `prepend` kwanza, `alias_method` baadaye. `alias_method :toa_asili, :toa` inapotafuta `toa`, inakutana kwanza na ile ya moduli iliyotangulia mbele ya klasi, na hiyo ndiyo inayopewa jina la `toa_asili`. Kisha klasi inapata `toa` mpya inayoita `toa_asili`. Sasa fuata mzunguko: `toa_asili` ni methodi ya moduli, nayo inaita `super`, `super` inafika kwenye `toa` mpya ya klasi, nayo inaita `toa_asili`. Haitoki humo. Mpangilio wa kinyume, yaani `alias_method` kwanza na `prepend` baadaye, unafanya kazi. Kwa hiyo kama huwezi kubadilisha jemu ya pili, badilisha mpangilio wa kupakia kwenye Gemfile ili yenye `alias_method` itangulie. Hiyo ni bandeji. Dawa yenyewe ni zote mbili zitumie `prepend`.

Ikiwa unaojirudia ni mstari mmoja tu wa gamba, faili la aspekti limepakiwa mara mbili. Mara ya pili, `toa_asili` inapewa gamba la kwanza badala ya methodi ya asili, na gamba hilo linaita `toa_asili`, yaani linajiita lenyewe. Weka kinga: usivishe ikiwa `method_defined?(:toa_asili)` tayari ni kweli. Kama methodi ya asili ni ya siri, uliza `private_method_defined?` pia.

Ikiwa kwenye mzunguko unaona `inspect`, `to_s` au `hash`, ushauri wako unaita methodi ambayo nayo imevishwa. Hutokea pale kigezo cha kuteua kinaposema methodi zote za klasi, na ushauri unaandika logi ya kitu chenyewe. Punguza kigezo. Ikishindikana, weka mlinzi:

```ruby
define_method(jina) do |*hoja, **majina, &bloku|
  unless Thread.current[:ndani_ya_ushauri]
    begin
      Thread.current[:ndani_ya_ushauri] = true
      Kumbukumbu.andika(jina, hoja)
    ensure
      Thread.current[:ndani_ya_ushauri] = false
    end
  end
  super(*hoja, **majina, &bloku)
end
```

`ensure` hapo ni lazima. Bila hiyo, ushauri ukianguka mara moja tu, bendera inabaki juu na thredi hiyo haitaandika logi tena hadi seva izimwe.

Ushauri unaitwa mara mbili

Kwenye logi tupu ni kero tu. Kwenye pesa ni hasara. Chukua ushauri unaoandika kwenye leja kodi ya asilimia 0.5 inayotozwa Uganda kwa kutoa pesa kwa simu. Mtu akitoa shilingi 200,000, kodi ni 1,000. Ukiona 2,000, kosa haliko kwenye kanuni ya hesabu. Ushauri umepita mara mbili.

Anza na urithi. Kama umevisha `toa` kwenye `Akaunti` na pia kwenye `AkauntiYaAkiba` inayorithi kutoka kwake, na `toa` ya mtoto inaita `super`, mwito mmoja unapita kwenye magamba mawili. Maktaba inayoteua kwa kigezo cha "aina hii na watoto wake" huleta hali hiyo bila wewe kuandika lolote la ajabu. Visha mahali pamoja: kwa mzazi ikiwa kila mtoto anaita `super`, kwa watoto ikiwa hawaiti.

Chanzo cha pili ni Rails, mfumo wa kujengea programu za wavuti kwa Ruby, kwenye mashine ya maendeleo. Bloku ya `to_prepare` hukimbia upya kila msimbo unapopakiwa upya. Ikiwa klasi inayovishwa imetoka kwenye jemu, yenyewe haipakiwi upya, lakini moduli ya ushauri iliyo chini ya `app/` inapakiwa. Kwa Ruby hiyo ni moduli mpya kabisa, hata kama jina ni lilelile, kwa hiyo inapangwa mbele tena. Kinga ya kawaida kwamba moduli moja haipangwi mara mbili haisaidii hapa. Hamisha ushauri uende `lib/`, nje ya njia zinazopakiwa zenyewe, uite kwa `require`, na uvishe ndani ya faili la `config/initializers`.

Kisha kuna ushauri wa kujaribu tena. Ushauri wa kuzunguka unaoita methodi upya mtandao ukikatika ni mzuri kwa kusoma salio, na ni hatari kwa kutuma pesa, maana kukatika kwa jibu si ushahidi kwamba ombi halikufika. API ya MTN MoMo hutaka kila ombi la malipo libebe kichwa cha `X-Reference-Id` chenye UUID, yaani kitambulisho cha kipekee. Kama UUID hiyo inatengenezwa ndani ya methodi iliyovishwa, kila jaribio ni ombi jipya kabisa: mteja anaombwa kuidhinisha mara mbili, na kwenye uhamisho wa kwenda kwa mteja pesa inaweza kutoka mara mbili bila kuuliza mtu. Tengeneza UUID nje ya gamba, ihifadhi kwenye hifadhidata kabla ya kutuma, ipitishe kama hoja, na kabla ya kujaribu tena uliza hali ya ombi kwa UUID hiyohiyo.

Ushauri hauitwi kabisa

Hapa sababu ni nyingi na kila moja ni fupi.

`instance_methods` huorodhesha methodi za wazi na zilizolindwa. Za siri hazimo, zinaulizwa kwa `private_instance_methods`. Tangu Ruby 1.9 orodha hizi ni za simboli, kwa hiyo kigezo cha zamani kinacholinganisha na `"toa"` ya stringi hakipati kitu wala hakilalamiki. Methodi ya klasi yenyewe, kama `Akaunti.tafuta`, huvishwa kwa `Akaunti.singleton_class.prepend(gamba)`, kuipanga kwenye `Akaunti` ni kazi bure. Sifa za ActiveRecord (sehemu ya Rails inayoshughulika na hifadhidata) zinazotokana na safu za jedwali hazipo kwenye orodha hadi `define_attribute_methods` iitwe, kwa hiyo kigezo kikikimbia mapema mno kitaziruka. Mtoto aliyeandika `toa` yake bila `super` hapiti kwenye gamba la mzazi. Na kama kuna mahali palipohifadhi `akaunti.method(:toa)` kabla ya kuvisha, kitu hicho kinaendelea kushika methodi ya zamani.

Moja inahitaji maelezo zaidi: kuvisha moduli badala ya klasi. Tuseme `Malipo` ni moduli, na `Akaunti` tayari imeshaijumuisha. Hadi Ruby 2.7, `Malipo.prepend(gamba)` iliyofanywa baadaye haikuifikia `Akaunti`. Kuanzia 3.0 inaifikia. Maana yake ushauri uliokuwa umelala miaka yote unaweza kuamka siku unayopandisha Ruby, na watu wakadhani sasisho la maktaba limeleta tabia mpya. Pitia kila `prepend` inayolenga moduli kabla ya kupanda.

Mpangilio wa kupakia nao: faili la aspekti likifungua `class Akaunti` kabla ya faili halisi kupakiwa, Ruby inaunda klasi tupu. Faili halisi likija na `class Akaunti < Msingi`, unapata `superclass mismatch for class Akaunti`. Andika `Akaunti.prepend(gamba)`, kama klasi haijapakiwa utaambiwa waziwazi.

Methodi ya siri imekuwa wazi

Hii haitoi hitilafu yoyote, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili jaribio la kudumu. `define_method` ndani ya moduli mpya hutengeneza methodi ya wazi. Ukiivisha `pin_sahihi?` iliyokuwa ya siri, sasa mtu yeyote mwenye kitu hicho anaweza kuiita. Kwenye kontrola ya Rails ni mbaya zaidi, maana methodi ya wazi ya kontrola huhesabiwa kuwa kitendo, na njia ya jumla kwenye `routes.rb` inaweza kuifikisha hadi kwenye kivinjari. Gamba linapaswa kusoma kiwango cha asili na kukirudisha:

```ruby
def self.visha(klasi, jina, &ushauri)
  kiwango =
    if klasi.private_method_defined?(jina) then :private
    elsif klasi.protected_method_defined?(jina) then :protected
    else :public
    end

  gamba = Module.new do
    define_method(jina) do |*hoja, **majina, &bloku|
      ushauri.call(self, hoja, majina)
      super(*hoja, **majina, &bloku)
    end
    send(kiwango, jina)
  end

  klasi.prepend(gamba)
end
```

Thamani inayorudi si yenyewe

Methodi ilirudisha salio, sasa inarudisha `nil`. Mstari wa mwisho wa gamba ni ule wa kuandika logi, na `puts` hurudisha `nil`. Weka kazi ya kufuata ndani ya `ensure`: thamani ya mwisho ya `ensure` hairudishwi, ila usiandike `return` humo, kwa sababu itafuta jibu na kumeza hitilafu pamoja. Ukikutana na `LocalJumpError`, kuna `return` ndani ya bloku ya ushauri. Badilisha iwe `next`.

Mengine ya haraka

`implicit argument passing of super from method defined by define_method() is not supported`: umeandika `super` tupu. Taja hoja zote.

`SyntaxError` kwenye methodi inayoishia na `=` au `?`: maktaba ya zamani inaunda majina kama `salio=_asili` kwa kukimbiza stringi ya msimbo. Jina hilo haliandikiki kawaida. `prepend` haihitaji jina la pili, kwa hiyo tatizo linakwisha lenyewe.

`uninitialized constant Fixnum`, au `File.exists?` haipo: Ruby 3.2 iliviondoa. Tumia `Integer` na `File.exist?`.

Majaribio yanayolinganisha maneno ya hitilafu yanaanguka kwenye Ruby 3.4: alama ya kufungulia jina la methodi imebadilika kutoka mkato wa nyuma kuwa mkato wa kawaida. Linganisha klasi ya hitilafu, si maneno.

Kikomo cha siku kinaanza upya saa tisa usiku: ushauri unatumia `Date.today` kwenye seva ya UTC, na Kampala iko saa tatu mbele. Weka `config.time_zone` kuwa `"Africa/Kampala"` na utumie `Date.current`.

Kusasisha mahali penye mtandao hafifu

Kwenye Gemfile andika `~> 2.3.1` kwa mtindo huo, ili zije 2.3.2 na 2.3.9 lakini si 2.4. Pandisha maktaba hiyo peke yake kwa `bundle update --conservative` ikifuatiwa na jina lake, usiguse nyingine; ukipandisha jemu kumi kwa pamoja hutajua ipi imeleta dalili. Kisha, ukiwa ofisini penye intaneti nzuri, endesha `bundle cache`, ambayo huweka jemu zote ndani ya `vendor/cache`. Ukifika kwenye seva ya tawi la Gulu au Arua, `bundle install --local` inasakinisha kutoka humo bila kula bando, na umeme ukikatika katikati unairudia amri ileile. Usifute `Gemfile.lock` ya zamani wala `vendor/cache` yake hadi mwisho wa mwezi upite na ripoti za leja zilingane, ili kurudi nyuma kuwe ni kurudisha faili hizo mbili na kuwasha seva upya.